Bahari ipo, mvua haipo

SWALI: Dar es Salaam iko pwani na hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Swakopmund, Namibia, nayo iko pwani, mbona ni jangwa? – Mwanafunzi wa kidato cha tano, Tanga

JIBU: Anza na maji yenyewe. Upepo wa kusini husukuma maji ya juu mbali na pwani ya Namibia, na ya kilindini hupanda kujaza nafasi. Ndiyo maana mkondo wa Benguela, unaopita pwani hiyo, una nyuzi joto 12 hadi 16 hivi. Hewa inayopita juu yake hupozwa kuanzia chini. Ya baridi, nzito, inalala chini, na ya joto inaikalia juu kama kifuniko cha sufuria. Mvuke haupandi, mawingu ya mvua hayajengeki. Kinachobaki ni ukungu.

Na ukungu huo ni uhai. Kuna mbawakawa wa Namib anayepanda juu ya tuta la mchanga alfajiri, akainamisha kichwa na kuinua makalio; matone hutiririka mgongoni hadi mdomoni.

Wengi huandika "mkondo baridi" wakaishia hapo, wakapoteza alama. Ongeza mawili: karibu na latitudo 23 hewa hushuka kutoka juu, ikapata joto na kukauka, na pepo za Bahari ya Hindi humwaga mvua yake kwenye milima ya mashariki kabla ya kufika huko.

Ukiulizwa kuhusu Antofagasta, Chile, hoja ni hizohizo: mkondo ni Humboldt, milima ni Andes.