Samoni wa Puget Sound kwa boti ndogo: kina, mwendo na mkondo

Mgeni wa uvuvi wa samoni katika Puget Sound, jimbo la Washington, huanzia dukani. Hununua vijiko (vyambo vya chuma vinavyong'aa) na ngisi wa plastiki wa kila rangi, kisha boti hurudi tupu wikendi baada ya wikendi. Rangi ina nafasi yake, lakini ni ya tatu au ya nne. Samoni huuma chambo kinapopita kwenye kina alipo, kwa mwendo unaokifanya kicheze sawasawa, na mambo hayo mawili yanatawaliwa na mkondo. Ukiyashika hayo, vyambo vitatu vinakutosha msimu mzima.

Aliyekulia mwambao wa Afrika Mashariki ana mtaji wake hapa, kwa sababu bamvua na maji mafu anavijua. Tofauti ni kwamba huku kujaa na kupwa kuwili kwa siku hakulingani: kupwa kumoja kunaweza kuwa kukubwa sana na kwa pili kudogo tu. Seattle, tofauti ya wastani kati ya kupwa kukubwa na kujaa kukubwa ni karibu mita 3.5, na karibu maji yote hayo hupita Admiralty Inlet, mlango wa kaskazini wa Puget Sound, ambako mkondo unaweza kuzidi noti 4 (maili za baharini kwa saa). Samoni hula zaidi maji yanapokaribia kusimama na yanapoanza tena kutembea, saa moja kabla na saa moja baada. Hali hiyo ikiangukia alfajiri, usilale. Tumia jedwali la mikondo, si la kujaa na kupwa peke yake, maana mkondo hausimami dakika ileile maji yanapofika kilele.

Mkondo ukiwa mkali, samaki hukaa pale unapovunjika: nyuma ya rasi, pembeni mwa fungu, kwenye mteremko wa chini. Ndiyo maana Point No Point, Possession Bar na Jefferson Head hujaa boti kila msimu. Angalia pia mstari wa povu na mwani juu ya maji, ambako mikondo miwili inakutana. Dagaa hukusanyika hapo, ndege huwafuata, na koho, aina mojawapo ya samoni, huwa chini yao.

Sasa mwendo. Rambaza, yaani vuta chambo nyuma ya boti inayokwenda, kwa noti 2 hadi 2.5 ukitafuta chinuki, aina nyingine ya samoni, na 2.5 hadi 3.5 ukitafuta koho. Wengi hukosea hapa kwa kuiamini jipiesi (GPS). Jipiesi inapima mwendo wa boti juu ya ardhi, lakini chambo kinaogelea ndani ya maji ambayo yenyewe yanatembea. Ukifuata mkondo wa noti 1.5 na jipiesi ikasoma 2.5, chambo kinapita majini kwa noti moja tu, na hapo hakichezi, kinaning'inia. Ukigeuka ukaupinga mkondo huohuo na jipiesi ikasoma 2.5, chambo kinakimbia kwa noti 4. Kipimo cha kuaminika ni pembe ya waya wa dauniriga, winchi ya kushushia chambo: jifunze pembe iliyoleta samaki, kisha irudie kwa kuongeza au kupunguza mafuta, jipiesi iseme inachosema. Wazoefu wengi hurambaza kwa kufuata mkondo, halafu hukunja mishipi na kurudi juu kuanza upya.

Dauniriga ni winchi ndogo inayofungwa ubavuni mwa boti karibu na tezi. Ina waya mwembamba wenye tufe la risasi la kilo 4.5 hadi 7, na juu kidogo ya tufe kuna kibanio kinachoshika mshipi wako. Samaki akiuma, mshipi huchomoka kwenye kibanio na unapambana naye bila uzito. Kushusha kuna utaratibu wake. Boti iwe tayari inakwenda kwa mwendo wa kurambaza. Achia chambo mita 5 hadi 9 nyuma, ukitazame ubavuni kinavyocheza, kisha bana mshipi na ushushe tufe polepole huku kidole gumba kikigusa rili ili mshipi usilegee. Tufe likiachiwa liporomoke, flasha, bamba linalomulika mbele ya chambo, hugeuka na kujizungusha kwenye waya, na utarambaza nusu saa na fundo. Tufe likifika, kunja mshipi hadi fimbo ipinde vizuri.

Namba unayoisoma kwenye dauniriga ni urefu wa waya, si kina. Mkondo hulisukuma tufe nyuma. Waya wa mita 30 ukilala kwa nyuzi 30 kutoka wima, tufe liko mita 26 chini. Ukilala kwa nyuzi 45, liko mita 21. Kwa chinuki tofauti hiyo ni kubwa mno, kwa sababu hapa hukaa karibu na sakafu na unataka tufe lipite mita 1 hadi 3 juu yake. Macho yako yawe kwenye mashine ya kina muda wote, uinue na kushusha kadiri sakafu inavyobadilika. Siku tufe litakaponasa kwenye mwamba, toa gia mara moja, legeza klachi ya winchi waya utoke, kisha rudisha boti taratibu hadi iwe juu ya tufe. Ukiendelea kuvuta kwa injini, utavunja mkono wa dauniriga au kuivuta tezi chini hadi maji yaingie. Boti ndogo haina nafasi ya kosa hilo.

Koho ana tabia nyingine. Hupita katikati ya maji, hata penye kina cha mita 150. Alfajiri mtafute mita 10 hadi 15, na jua likipanda shuka hadi 20 au 30. Kata kona pana ukiwa na mishipi miwili, mmoja kila upande. Kwenye kona, chambo cha upande wa nje hukimbia na kupanda, cha ndani hupunguza mwendo na kuzama. Samaki akiuma, kumbuka ni upande gani: umeambiwa mwendo wanaoutaka.

Flasha ni bamba la plastiki la karibu sentimita 28 linalozunguka na kumulika, na ndilo humwita samaki. Urefu wa mshipi kati yake na chambo ndipo wageni wanapoharibu. Ngisi wa plastiki hana mchezo wake mwenyewe, anategemea kurushwa na flasha, kwa hiyo mpe mshipi mfupi na mgumu, sentimita 60 hadi 90. Kijiko kinajichezea chenyewe, kinataka sentimita 105 hadi 120. Ukimpa ngisi sentimita 120, nguvu ya flasha inaishia njiani, naye anaburuzwa kama uzi. Kumbuka pia kwamba flasha haipiti kwenye pete ya ncha ya fimbo. Ikifika hapo umekwama kukunja, na samaki bado yuko mbali nawe kwa urefu wote wa ule mshipi. Fimbo ya futi 8.5 hadi 10.5 inatosha ukirudi nyuma hatua mbili huku mwenzako akiwa tayari na wavu. Ukiwa peke yako, fupisha.

Heringi wa kugandishwa ndiye chambo cha asili hapa. Mlaze usiku kucha kwenye maji ya chumvi na barafu, kikombe kimoja cha chumvi ya mawe kwa lita 4 za maji. Nyama hukaza na magamba hubaki. Asiyelazwa hivyo hupasuka baada ya dakika chache. Ukimkata kichwa, kata kwa mshazari nyuma ya mashavu, utoe matumbo, utie ndoana mbili. Pembe ya mkato ndiyo inayompa mzunguko, basi mjaribu ubavuni mwa boti kabla ya kumshusha. Osha mikono kwa sabuni ya vyombo kabla ya kumgusa. Pua ya samoni ni kali kupita kiasi, na petroli au mafuta ya jua kwenye vidole yanatosha kuharibu asubuhi.

Samaki anapouma, ncha ya fimbo hutikisika kwa nguvu au huinuka ghafla na mshipi kulegea. Itoe fimbo kwenye kishikio na ukunje haraka hadi uhisi uzito. Sheria inataka ndoana isiyo na kijino kile cha ndani kinachomzuia samaki kuchomoka, kwa hiyo mshipi ukilegea kwa sekunde moja, ameondoka. Breki ya rili iwe kati ya robo na theluthi ya nguvu ya mshipi. Chinuki mkubwa atakimbia mara mbili au tatu, na mbio kali zaidi huja akishaiona boti. Mwache aende. Wavu uwekwe majini mapema, samaki aongozwe kichwa kwanza. Kumfukuza na wavu kutoka mkiani ndiko kunakopoteza samaki wengi kuliko kitu kingine chochote kilichotajwa hapa.

Kabla ya wavu, tazama mgongo. Samoni wa kufugwa kwenye vituo vya serikali na vya makabila hukatwa pezi dogo la nyama lililo kati ya pezi la mgongo na mkia. Penye sheria ya kuchukua waliokatwa tu, mwenye pezi lake kamili ni wa asili na lazima aachwe, tena bila kupandishwa botini. Muweke ubavuni akiwa ndani ya maji na uchomoe ndoana kwa koleo. Chinuki wa asili wa Puget Sound wako kwenye orodha ya viumbe walio hatarini tangu 1999, na kila jike unayemwachia bila kumchubua magamba ana mayai ambayo mto unayahitaji.

Kumtambua aina, fungua mdomo. Chinuki ana fizi nyeusi na madoa sehemu zote mbili za mkia. Koho ana mstari mweupe kwenye fizi, na madoa yakiwepo mkiani yako sehemu ya juu tu. Pinki ana madoa makubwa ya mviringo mkiani na magamba madogo mno. Huingia kwa wingi miaka inayoishia na namba witiri, mwezi wa Agosti. Koho wa baharini hufikia kilele Septemba.

Leseni hutolewa na Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Washington, inahitajika kuanzia umri wa miaka 15, na mwaka wake huanza Aprili 1. Utapewa pia kadi ya kuandika samaki, na unaandika papo hapo ukishamchukua, si ukifika gatini. Bahari imegawanywa kwa namba: 9 ni Admiralty Inlet, 10 ni Seattle na Bremerton, 11 ni Tacoma na Vashon. Kila eneo lina tarehe na idadi yake, na msimu wa chinuki unaweza kufungwa baada ya siku chache mgao ukijaa. Soma taarifa za dharura asubuhi hiyohiyo ya kutoka. Ukikuta nyavu za makabila ya wenyeji, zipitie mbali na uziheshimu: mikataba ya 1854 na 1855 iliwahifadhia haki ya kuvua, na hukumu ya Jaji Boldt ya 1974 ikathibitisha kuwa nusu ya samaki wanaoweza kuvunwa ni yao. Nyangumi wauaji wa maji haya, wanaoitwa wakazi wa kusini, ambao nao wanaishi kwa chinuki, wanahitaji nafasi ya yadi 1,000, karibu mita 900, kuanzia Januari 2025. Ukiwaona, kunja mishipi uondoke taratibu.

Maji haya yanaua kwa baridi, hata Agosti. Mtu akitumbukia ana dakika kama moja ya kuishinda pumzi inayomkata, dakika kama kumi za mikono kufanya kazi, na takriban saa moja kabla ya kupoteza fahamu. Jaketi la kujiokolea lililo chini ya kiti halivaliki kwa vidole vilivyokufa ganzi. Livae kutoka gatini hadi gatini, na kamba ya kuzima injini uifunge mwilini. Redio ya VHF iwe wazi chaneli 16. Upepo wa kaskazini wa mchana ukikutana na maji yanayopwa kuelekea kaskazini, mawimbi hupanda mafupi na wima ndani ya muda mfupi, hasa Possession na Point No Point. Hapo boti ya futi 16 haina biashara. Rudi kabla maji hayajageuka. Feri na meli za makontena usishindane nazo, na mawimbi yao yapokee kwa omo.

Samaki wa kuchukua mpige rungu kichwani mara moja, mkate mashavu upande mmoja, umning'inize majini au kwenye ndoo dakika 5 hadi 10 damu itoke. Kisha toa matumbo na umzike kwenye barafu iliyochanganywa na maji ya bahari. Damu ikibaki, nyama huwa na shombo na mafuta huchacha upesi. Pinki ashughulikiwe kwanza kuliko wote, maana nyama yake hulegea haraka; mpike siku hiyohiyo. Chinuki ana mafuta ya kutosha kumchoma kwa ukwaju bila kumpaka chochote kingine, na koho anakaa vizuri kwenye tui. Anayetaka kula mbichi amgandishe kwanza kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 kamili, kwa sababu samoni wa bahari hubeba minyoo, na friji nyingi za nyumbani hazifiki baridi hiyo, basi pima kwa kipimajoto.