Ngoma za Burundi: nenda Gishora

Ndugu, umeuliza kama siku tatu zinatosha kuona ngoma za kweli Burundi, au wewe na dada yako mridhike na kumbi za Bujumbura. Zinatosha. Amkeni alfajiri mpande gari hadi Gishora, kilomita chache kutoka Gitega, ilipo ngome ya kale ya ngoma za kifalme. UNESCO iliutambua urithi huu mwaka 2014.

Wapigaji huingia wakiimba, wamejitwika ngoma vichwani na huku wanazipiga. Wakishazitua huzipanga nusu duara, idadi daima witiri, na katikati ngoma iitwayo inkiranya. Hiyo isikilizeni kwanza, ndiyo kiongozi. Ngoma ziitwazo amashakwe hushikilia pigo lilelile, zile ziitwazo ibishikizo huifuata inkiranya. Sikio likishazitenga, mtasikia mazungumzo. Simameni karibu, mlio uwaingie kifuani.

Malipo pataneni kabla hawajaanza.

Dada yako mpiga ngoma mwambie mapema: agizo la rais la 2017 linakataza wanawake kuzipiga, wanaruhusiwa kucheza tu. Linaniuma sana, lakini asije akashika vijiti akawaponza wenyeji.