Maswali ya Wasomaji: Kabati la Bafuni Limevimba

SWALI: Kabati letu la chini ya sinki la kunawia lilitengenezwa kiwandani, na tuliambiwa ubao wake ni ule wa kijani usioogopa maji. Hata mwaka haujaisha, upande wa chini umeumuka na ganda la nje linabanduka. Je, tulidanganywa?

JIBU: Si lazima. Ule ukijani ni alama tu ya kuutambulisha ubao unaostahimili unyevu. Rangi yenyewe haizuii chochote. Kazi inafanywa na gundi iliyochanganywa na chembe za mbao. Isitoshe, kustahimili unyevu ni kustahimili mvuke na matone yanayofutwa mapema, si kulowa kila siku.

Maji hayakupitia usoni, kwa kuwa melamini, yaani lile ganda la nje lililobandikwa pale, hainywi maji. Yaliingilia kwenye kingo, pale msumeno ulipopita. Chipubodi ni chembe za mbao zilizoshindiliwa. Zikinywa maji hutanuka na kuachana, na zikikauka hazirudi unene wa mwanzo. Kwa hiyo msihangaike kupiga msasa. Kipande hicho kibadilishwe.

Kabla ya kukibadilisha, chungulieni ukingo wa chini wa mbao za ubavuni. Viwanda vingi hubandika utepe wa plastiki kwenye ukingo wa mbele peke yake, kwa sababu ndio unaoonekana. Kipande kipya kibandikwe utepe pande zote nne, na mkiweza kupata gundi ya poliyurethani, chagueni hiyo: inahimili joto na mvuke kuliko gundi ya kawaida ya kuyeyushwa. Kisha tazameni tundu la bomba. Likikatwa bila kupakwa kitu, ndilo mlango mkuu wa maji. Litobolewe pana kuliko bomba kwa milimita 10 hivi, ukingo wake upakwe vanishi mara mbili, ikauke, ndipo nafasi iliyobaki izibwe kwa silikoni ya bafuni.

Tena, kabati lisikae moja kwa moja kwenye vigae. Likigusa sakafu, kila mkipiga deki mnalinywesha. Liwekeeni miguu ya plastiki ya kurekebishika, ya sentimita 10 hadi 15, au litundikwe ukutani.

SWALI: Mlango wa kabati la juu jikoni umeshuka na unagonga mwenzake. Fundi amekaza skrubu za bawaba mara mbili, zinalegea tena.

JIBU: Tundu limeshakufa, kukaza zaidi kunalisaga tu. Wala usiweke skrubu ndefu. Ubao wa milimita 18 utatobolewa hadi upande wa pili. Fungua bawaba, panua tundu kwa keko ya milimita 8, tia gundi ya mbao, gongomea kijiti cha mbao cha milimita 8, kisha ukikate kilingane na uso. Subiri hadi kesho yake. Toboa tundu dogo la milimita 2.5 katikati ya kijiti na urudishe skrubu ileile.

Ndipo unyooshe mlango. Kwenye bawaba nyingi za kikombe cha milimita 35, yaani zile zinazozamishwa kwenye tundu la mviringo mgongoni mwa mlango, skrubu ya mbele husogeza mlango kushoto na kulia, na ya nyuma huuvuta ndani au kuutoa nje. Kupanda na kushuka hurekebishwa kwenye bamba lililofungwa ubavuni. Hesabu bawaba pia: mbili zinatosha mlango wa hadi sentimita 90 hivi, ukizidi hapo, au ukiwa wa MDF nzito (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa), ongeza ya tatu. Mlango uliopungukiwa bawaba utashuka tena hata ukiziba matundu yote.

SWALI: Kaunta ya jikoni iwe na kimo gani?

JIBU: Kimo cha kawaida ni sentimita 90: sanduku 72, miguu 15, ubao wa juu 3. Ila mpishi asimame na kukunja kiwiko. Uso wa kaunta uwe sentimita 10 hadi 15 chini yake. Na vipimo vichukuliwe vigae vikishawekwa, maana vigae na saruji yake vinapandisha sakafu, na kabati lililopimwa mapema linaweza kugoma kuingia chini ya dirisha.