U mwana wa nani? Kwa kijana anayeingia kazi ya baba

Kila Maulidi yanapokaribia na Amu (Lamu) kujaa wageni, hunijia kijana mmoja au wawili pale Matondoni ninapofanyia kazi ya kuunda majahazi. Hukaa juu ya gogo, huzungusha maneno, mwisho hulitoa: "Fundi, mzee anataka nishike kazi yake. Nishike?" Mmoja baba yake ni nahodha, mwingine mchonga milango, mwingine ana duka la vitambaa. Nimechoka kujibu nusunusu huku chembeu iko mkononi, basi leo naandika mara moja. Na nitajibu kwa mieleka. Wanaonijua wameshaanza kucheka.

Mieleka hii ya kwenye televisheni nimeanza kuitazama nikiwa mtoto, katika kibanda cha video chenye jenereta lililokuwa likizima pambano likipamba moto. Mamangu alikuwa akisema, "Mwalipa pesa kutazama uongo?" Kweli, matokeo hupangwa kabla. Lakini mamangu huyohuyo hakukosa kirumbizi, ngoma ya kupigana bakora, harusini, na pale pia wazee wenye bakora hawakuja kupasuana vichwa. Kila mtu ajua hivyo, na kila mtu ajua nani ana mkono na nani anapunga fimbo tu. Mieleka ni hivyo. Isipokuwa kuanguka: kuanguka ni kwa kweli. Chini ya ulingo kuna vyuma na mbao, juu yake sponji nyembamba na turubai, basi. Somo la kwanza la mwanamieleka ni kuanguka: kidevu kifuani, mgongo wa juu upokee, mikono ipige sakafu pamoja nao. Asiyejua hilo hapewi la pili.

Mwaka 2008 lilitokea kundi moja WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, likiitwa Legacy. Vijana watatu, wote watoto wa wanamieleka: Randy Orton, ambaye baba na babu yake walikuwa ulingoni kabla yake, Ted DiBiase mdogo, na Cody Rhodes, mtoto wa Dusty Rhodes. Kibandani wote walimpenda Orton, maana ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia akiwa na miaka 24. Mimi nilimtazama Cody. Alikuwa kitinda mimba, mbele yake kuna kaka aliyemzidi miaka kumi na sita aliyeifanya kazi hiyohiyo kwa jina la Goldust, na juu yao wawili kuna baba ambaye ukimtaja tu watu husimama. Nikasema huyu ni mimi, tafauti yake amepaka mafuta kifuani.

Maana mimi ni mtoto wa tatu wa fundi wa majahazi. Kakangu mkubwa alianza kushika tezo, shoka la kuchongea mbao, kabla sijazaliwa. Marehemu baba alikuwa akipita kwenye chombo cha mtu mwingine, anagonga ubao kwa kiungo cha kidole, anasema "huu utakunywa maji," na chombo kikishuliwa, kweli kinakunywa. Sasa wewe njoo uwe fundi nyuma ya mtu kama huyo.

Hapa ndipo pana jambo ambalo vijana hawaambiwi. Mwana wa fundi halinganishwi na baba yake alipokuwa na umri kama wake. Hulinganishwa na baba aliyekwisha kukomaa. Cody alipozaliwa mwaka 1985, Dusty alikuwa ameshashika mkanda wa dunia wa NWA, chama cha mieleka cha Marekani, mara mbili, 1979 na 1981. Mwaka uliofuata akaushika mara ya tatu. Makosa ya Dusty ya siku za mwanzo hakuna ayakumbukaye. Ya mwanawe yalionekana na dunia nzima.

Yangu yalionekana na Matondoni nzima. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Baba aliniachia mashua ndogo ya uvuvi niimalize mwenyewe: kalafati, deheni ya kupaka chombo, kila kitu. Kalafati ukiitazama ni kazi ya mtoto. Unasokota pamba iliyoloweshwa mafuta, unaiingiza katika mwanya wa mbao na mbao, unagonga kwa chembeu na nyundo. Siri iko sikioni. Pamba ikiwa bado na nafasi, mlio ni mzito kama unagonga gunia. Ikijaa, mlio unakuwa mkavu. Mimi siku ile nilikuwa na haraka, watu walikuwa wakipita na kusema "kama babake, kama babake," na sifa zile zikanitia pamba masikioni. Mwanya wa chini kabisa, ule ulio kando ya mkuku, uti wa mgongo wa chombo, niliugonga mbiombio. Tukaishua kwa mashairi na makelele. Kabla watu hawajamaliza chai, mashua ilikuwa imeinamisha tezi, yaani nyuma, na ndani yake maji yamefika kwenye mataruma, mbavu zake.

Hakuna aliyenitukana. Mzee mmoja alisema tu, "Haya ni mambo ya mwana, si ya baba." Baba alivua kanzu, akaingia majini na kata akaanza kutoa maji, na mimi nikasimama pale nikiwa nimeshika nyundo kama mgeni.

Ushauri wangu wa kwanza, na kama una haraka soma huu tu uondoke: kabla hujaishika kazi ya baba yako, nenda kaifanye mahali ambapo jina lake halimwambii mtu chochote. Usiende kutembea. Kafanye kazi.

Mimi nilikwenda Malindi. Nilipata kazi kwa mtu aliyekuwa akitengeneza boti za kupeleka watalii kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari. Amu, ukitaja jina, swali la kwanza ni "u mwana wa nani?" Malindi bosi yule hakuniuliza hata jina kamili. Aliniuliza kama naweza kupiga msasa. Nikapiga msasa miezi minne, vumbi la faiba likiniwasha shingo hadi usiku silali. Hakulipa kwa wakati hata mwezi mmoja, na siku nilipoondoka alibaki na deni langu la wiki tatu ambalo simdai tena. Lakini siku aliponiambia, "Hii umeifanya vizuri," nilijua ni yangu. Hakuwa akimsifu mzee wangu kupitia mgongoni kwangu.

Cody naye aliondoka, mimi nikiwa nimeshamtangulia kwa miaka mitano (jambo ambalo yeye halijui). Kampuni ilikuwa imempaka uso rangi na kumwita Stardust, kivuli cha kakake. Baba yake akafariki Juni 2015. Mei 2016 akaomba kuachiliwa, akaenda kupigana kwenye kumbi ndogondogo, ukumbi huu leo, ule kesho. Na hapa sikiza: aliruhusiwa kuondoka yeye, jina likabaki. Haki ya kibiashara ya "Cody Rhodes" ilikuwa ya kampuni. Ikambidi apande ulingoni akiitwa Cody tu. Mtoto wa mtu anakatazwa jina la nyumbani kwao! Alilirudisha mwaka 2020. Lakini ile miaka minne ya kuitwa Cody tu ndiyo iliyomfanya. Septemba 2018, nje kidogo ya Chicago, yeye na wenzake walifanya onyesho lao kwa fedha zao, watu zaidi ya 10,000 wakajaa, na usiku huohuo akautwaa mkanda wa NWA, uleule wa baba yake. Hakukuwa kabla yao baba na mwana walioushika wote wawili.

Ya pili ni juu ya ndugu. Usishindane na kakako mbele ya wateja. Mimi niliporudi kutoka Malindi nilikuja na maneno mengi ya faiba, nikawa nasahihisha kila pigo la tezo la mtu aliyenifundisha kushika tezo. Tulikaa karibu mwaka tukisemeshana kupitia kwa mama. Mei 2019, Las Vegas, Cody na kakake Dustin walipigana; Dustin alivuja damu hadi uso haujulikani. Walipomaliza, Cody, aliyeshinda, alimwomba kakake wawe upande mmoja, akamwambia anachohitaji ni kaka. Ndiyo, limepangwa. Nililia hata hivyo, kesho yake nikampelekea kakangu mkate wa mofa na samaki wa kukaanga, na hatukulizungumza lile jambo mpaka leo.

Ya tatu ni mwili, na hapa simfuati Cody. Juni 2022 alipanda ulingoni msuli wa kifua umechanika, upande mzima umegeuka zambarau kama biringani, akapigana mpaka mwisho na watu wakamshangilia. Mimi najua mafundi wangapi waliofanya hivyo na mgongo, na leo hawawezi kuinama kufunga kiatu. Marehemu baba yangu alikuwa mmojawapo. Ukiumia, keti.

Kwa nyinyi akina baba mnaosoma: kule Calgary, Kanada, kulikuwa na Stu Hart, aliyekuwa akifundisha mieleka chini ya nyumba yake, wanawe na watoto wa watu, wote wakilia sawasawa. Alikuwa na watoto kumi na wawili, wanane wa kiume, na wanane wote waliingia katika mieleka kwa namna moja au nyingine. Watu husimulia hilo kama sifa. Mimi hujiuliza: wanane wote walitaka? Mdogo wao wa mwisho, Owen, alifariki Mei 1999 akiteremshwa ulingoni kutoka darini kwa kamba, kifungo kikaachia. Alikuwa na miaka 34. Simlaumu mzee yule kwa kamba ya wengine. Nasema tu muulizeni mtoto, na mkimuuliza, jibu la "sitaki" nalo liwe jibu.

Cody alirudi WWE mwaka 2022, akashindwa na Roman Reigns, bingwa wa wakati huo, mwaka 2023, na Aprili 2024 kule Philadelphia akamshinda na kuchukua mkanda ambao Dusty hakuwahi kuutwaa. Tulitazama kwa simu, kumekaribia kucha, sisi wanne na chaja moja.

La mwisho nililojifunza kwa gharama ni lile la jina. Baba alipofariki, mimi, kakangu na mwana wa ami yetu, kila mmoja alianza kujitangaza kwa jina la marehemu. Mteja mmoja wa Kizingitini alitoa malipo ya kwanza kwa mmoja, akaja kudai chombo kwa mwingine. Mirathi ya zana iligawanywa sawa bila neno. Tezo hii yako, keekee hii yangu. Jina hakuna aliyeligawa, maana hakuna aliyelihesabu kuwa mali. Tukabishana mpaka imamu akatuita. Msingoje hapo. Mzee akiwa hai na akili zake timamu, kaeni naye chini, aseme nani atatumia jina, kwa kazi gani, na anayejitenga atajiitaje. Andikeni, mashahidi watie sahihi.

Sisi tuliandika kurasa mbili. Jina la baba ni la karakana, ya sote watatu, na kila fundi huchonga alama yake ndogo ndani ya chombo, karibu na shina la mlingoti, ili ubao ukinywa maji ijulikane ni wa nani. Kibao cha nje alikiandika mwana wa ami kwa rangi ya buluu. Hakupima nafasi, herufi mbili za mwisho zikabidi zikae juu ya nyingine.