Risiti ya mteja wa pili inabeba vitu vya mteja wa kwanza

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Najifunza kuandika programu kwa lugha ya Python, nimemtengenezea mama kiprogramu cha duka. Mteja wa kwanza akinunua unga na sukari risiti inatoka poa, ila anayefuata akichukua sabuni tu anaandikiwa unga, sukari na sabuni! Nikizima na kuwasha inatulia, afu mchezo unaanza upya. Fankisheni (kipande cha programu chenye jina, unachokiita kifanye kazi) yenyewe hii hapa:

def ongeza(bidhaa, kapu=[]):
    kapu.append(bidhaa)
    return kapu

Halafu juzi niliandika uza("sukari", 2, True) nikimaanisha mteja anachukua kwa deni, kumbe nimempa punguzo. Mama kanisema mpaka basi.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kusemwa. Tatizo ni hizo alama [], yaani listi tupu, ulizoweka kama difolti (thamani inayotumika usipotoa nyingine). Wengi tunadhani kila unapoiita fankisheni, Python inaleta kapu jipya, wapi, thamani ya difolti inatengenezwa mara moja tu, pale Python inapopita kwenye mstari wa def (unaoanzisha fankisheni), baada ya hapo ni kapu lilelile linalowekwa mlangoni na kila mteja anatupia vyake juu ya vya mwenzie. Ukizima na kuwasha mstari wa def unasomwa upya ndo maana inatulia. Kama huamini, andika print(ongeza.__defaults__) kila baada ya mauzo uone listi inavyonenepa.

Dawa yake hii (None maana yake "hakuna kitu"):

def ongeza(bidhaa, kapu=None):
    if kapu is None:
        kapu = []
    kapu.append(bidhaa)
    return kapu

Sasa kapu linazaliwa ndani, kila ukiita bila kutoa lako. Na angalia usije ukaweka muda=datetime.now() kwenye mabano ya def, risiti zote za siku zitaonyesha saa uliyowasha programu asubuhi, mimi iliwahi kunikuta nikawa nalaumu saa ya kompyuta. Namba, maneno, True na False havina shida hiyo, maana havibadiliki kwa ndani. (Ukihamia lugha ya JavaScript usishangae, kule difolti inahesabiwa upya kila unapoita.)

Hilo la deni: bila shaka fankisheni yako iko hivi, def uza(bidhaa, idadi, punguzo=False, deni=False). True yako imekaa nafasi ya tatu, na ya tatu ni punguzo, Python haijui ulichokuwa nacho kichwani. Ita kwa jina, uza("sukari", 2, deni=True), punguzo litabaki False lenyewe na hata ukisoma baada ya miezi sita utaelewa.

Mi ningekushauri ujifunge kabisa, weka nyota:

def uza(bidhaa, idadi, *, punguzo=False, deni=False):

Vyote vilivyo baada ya nyota lazima vitajwe kwa jina, hii imo tangu Python 3.0 ya 2008. Ukirudia ile True tupu utapata TypeError (ujumbe wa kosa) papo hapo kabla sukari haijatoka dukani. Ila ukishaanza kuita kwa majina, siku ukibadilisha deni liwe mkopo kwenye def, itabidi ubadilishe kila sehemu ulipoliita.

Na zile risiti za nyuma kaa na mama mzipitie kwa mkono, manake programu uliyorekebisha haizigusi, na kuna watu hapo walilipia unga ambao hawakuubeba.