Baridi yabisi na moyo: jibu kwa dada mwenye mama anayekatika pumzi

Dada uliyeuliza kama baridi yabisi ndiyo inayomkata mama yako pumzi akipanda kilima, maana kliniki wamemwambia ni uzee: inawezekana kabisa. Mama ana miaka 54, uzee gani huo?

Mimi niko Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na baridi yabisi inanisumbua viungo tangu 2011. Miaka mingi nilikuwa mteja wa diklofenaki, dawa ya maumivu, ya duka la dawa, asubuhi na jioni, ili niweze kushika jembe. Maumivu yalitulia, vidole vikazidi kuvimba. Sikujua uvimbe ule hauishii vidoleni. Kinga ya mwili ndiyo inayomgeukia mwenyewe, na moto wake hufika hadi kwenye mishipa ya damu. Ndiyo maana hatari ya shambulio la moyo kwetu ni kama mara moja na nusu ya wengine. Na diklofenaki nayo hupandisha presha.

Usiku mmoja mwaka 2019 kifua kilinichoma. Nikilala chali kinazidi, nikiinama mbele, viwiko magotini, kinapoa. Siku tatu nililala kitini hivyo. Kliniki ya kwanza ikanipa dawa ya vidonda vya tumbo. Ya pili, waliposikia "rumatiki" tu (baridi yabisi nayo huitwa hivyo), wakaniuliza habari za maumivu ya koo ya utotoni, wakataka kunianzishia sindano za penisilini za kila mwezi! Sindano hizo ni za homa ya rumatiki, inayoharibu vali za moyo, na huku kwetu watoto wengi imewaumiza. Yangu ni nyingine kabisa.

Nikapanda basi la usiku hadi Kampala. Katika hospitali ya Mulago, kwenye Taasisi ya Moyo, daktari alinionyesha kwenye skrini ya eko, kipimo cha picha ya moyo: ukanda mweusi umeuzunguka moyo wangu. Maji, ndani ya mfuko wa moyo. Nikatibiwa, ndipo nikaanzishiwa methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, mara moja kwa WIKI (ukiimeza kila siku inaweza kukuua), pamoja na foliki asidi.

Mama apimwe presha, sukari, mafuta ya damu, na eko ikipatikana. Atakayemwona aambiwe mapema kuwa ana baridi yabisi, na mwende na kila kidonge anachomeza, hata vile vya kwenye karatasi. Kama kati ya hizo imo prednisoloni, dawa ya steroidi, asiiache ghafla. Kifua kikimbana au miguu ikivimba, msingoje kuche.