Kusoma tu, halafu seva nzima inaganda

Kila ninapopitia msimbo wa vijana wa timu yetu na kufika kwenye kufuli la kusoma na kuandika, lile linalopanga zamu ili sehemu nyingi za programu zisiivuruge data moja, swali hili halikosi: "Lakini bosi, hapa tunasoma tu. Tutamkwamisha nani?" Mtamkwamisha mwandishi, yaani sehemu ya programu inayotaka kuibadilisha data hiyo. Naye akishaanza kungoja, atawazuia wasomaji wote wanaofika nyuma yake, ambao wao kwa wao hawana ugomvi wowote. Msomaji mmoja mzembe anatosha kuigandisha seva nzima, na ukiangalia prosesa utaikuta imetulia tuli kana kwamba hakuna kazi.

Kwa aliye mgeni: kufuli la aina hii hushikwa kwa njia mbili. Likishikwa kwa kusoma, wengi wanaweza kulishika kwa pamoja. Likishikwa kwa kuandika, anabaki mmoja peke yake. Jambo lenyewe ni la zamani. Courtois, Heymans na Parnas waliliandikia mwaka 1971, na tangu hapo waliligawa mara mbili: kuna mpango unaowapendelea wasomaji na kuna unaowapendelea waandishi. Wasomaji wakipendelewa, mwandishi anaweza kusubiri bila mwisho. Mwandishi akipendelewa, wasomaji ndio wanaosimama. Jua zana unayoitumia imechagua upande gani kabla hujaandika mstari wa kwanza. Makufuli ya pthread, maktaba ya thredi (njia za kazi zinazokwenda sambamba ndani ya programu) kwenye Linux, usipoyaelekeza vingine, huwapendelea wasomaji. RWMutex, kufuli la aina hii katika lugha ya Go, ni kinyume: mwandishi akiita Lock, wasomaji wapya husimama mpaka apate zamu yake na aimalize.

Mfano wangu ni wa kazi niliyoishughulikia, mfumo wa kulipisha nauli za matatu. Jedwali la nauli linakaa kwenye kumbukumbu ya seva. Simu za makondakta huliuliza kila abiria anapolipa, na karani wa sacco hulibadilisha mara chache kwa siku. Wanairobi mnajua hizo mara chache ni lini: jioni watu wakitoka kazini, na mvua ikianza. Yaani mwandishi anaingia saa ileile wasomaji wamefurika. Mchana ofisini, wakati wa majaribio, hakuna anayegusa nauli, na kila kitu kinapita vizuri.

Sasa tazama msimbo huu. Nimeufupisha, lakini umbo ni lile nililolikuta:

```
func (j *Jedwali) Nauli(njia string) int {
    j.kufuli.RLock()
    defer j.kufuli.RUnlock()
    if !j.Ipo(njia) {
        return 0
    }
    return j.bei[njia]
}

func (j *Jedwali) Ipo(njia string) bool {
    j.kufuli.RLock()
    defer j.kufuli.RUnlock()
    _, ipo := j.bei[njia]
    return ipo
}
```

RLock hushika kufuli kwa kusoma, RUnlock huliachia, na defer huahirisha kuachia huko mpaka funksheni iishe. Nauli inashika kufuli, kisha inaita Ipo, ambayo inalishika kufuli lilelile mara ya pili. Siku ya kawaida hakuna neno, kwani wasomaji wawili wanaruhusiwa. Sasa mvua inyeshe. Karani anapandisha nauli ya Rongai kutoka 100 hadi 150, na ombi lake linaita Lock katikati ya hatua hizo mbili. Mwandishi anamngoja msomaji wa kwanza aachie. Msomaji huyo anaingia Ipo, anaomba kufuli tena, anaambiwa asubiri kwa sababu kuna mwandishi mbele yake. Kila mmoja anamngoja mwenzake na hakuna atakayeachia: huo ndio mkwamo, kwa Kiingereza deadlock. Ombi la tatu linafika, linapanga foleni. La nne. La mia. Kondakta amesimama mlangoni, abiria wanamtazama, na simu inazunguka tu.

Nyaraka za Go zinasema wazi kwamba kushika kufuli la kusoma juu ya lingine namna hii hakufai. Wengi hawafiki mstari huo. Na kwa kuwa upenyo wa mwandishi kujipachika kati ya hatua hizo mbili ni mdogo mno, hitilafu hupita majaribio yote na kungoja siku ya msongamano. Usitegemee pia ule ujumbe wa Go unaotangaza kwamba gorutini zote, yaani thredi nyepesi za Go, zimelala. Hutokea pale tu programu nzima imekwama, na seva inayosikiliza mtandao daima ina gorutini inayongoja ombi jipya.

Dawa ninayoishikilia ni ya mpangilio, wala haihitaji ujanja. Funksheni za nje, zile zinazoitwa na sehemu nyingine za programu, ndizo zishike kufuli. Za ndani zisiliguse kamwe, na majina yao yaseme hivyo. Igawe Ipo iwe mbili: Ipo inayoshika kufuli, na ipoBilaKufuli inayofanya kazi yenyewe. Nauli iite hiyo ya pili. Jina refu linachosha kuliandika, nakubali, lakini atakayelisoma saa tano usiku tatizo likiwa hewani, kwenye mfumo unaotumiwa na wateja, hatahitaji kumpigia mtu simu.

Waliotoka kwenye Java hushtuka hapa, kwa sababu kufuli lao la aina hii, ReentrantReadWriteLock, huiruhusu thredi iliyoshika kufuli la kusoma ilishike tena. Sawa, lakini nayo ina mtego wake. Thredi ikishika la kusoma kisha ikaomba la kuandika bila kuachia, itajingoja yenyewe milele. Kushuka kunaruhusiwa: shika la kuandika, shika la kusoma, halafu achia lile la kuandika. Kupanda, kutoka la kusoma kwenda la kuandika, hapana. StampedLock, kufuli jingine lililokuja na Java 8, ina njia ya kujaribu kupanda, ila jaribio linaweza kukataliwa na ni juu yako kuangalia jibu. Tena kufuli hilo halikubali kushikwa kwa kurudia hata na thredi ileile, kwa hiyo usilibadilishe na lile la kwanza kiholela ukidhani umepata kasi ya bure.

Tamaa ya kupanda huja mara nyingi kwenye kache, hifadhi ya muda ya vitu vinavyoulizwa mara kwa mara. Unasoma, hukipati unachotafuta, unataka kukiweka palepale. Fanya hivi: achia la kusoma, shika la kuandika, kisha angalia tena kama bado hakipo. Hatua hiyo ya tatu ndiyo inayosahaulika. Kati ya kuachia na kushika upya mwenzako anaweza kuwa ameshakiweka, na wewe ukakiandika upya kwa thamani iliyopitwa na wakati.

Mkwamo huohuo unaishi kwenye hifadhidata. Miamala miwili ikisoma safu moja kwa SELECT ... FOR SHARE, amri inayoshika kufuli la kusoma kwenye safu hiyo, kisha yote miwili ikataka kuibadilisha, kila mmoja unaungoja mwingine. Hifadhidata ya PostgreSQL angalau ina huruma: muda wa deadlock_timeout ukiisha, ambao kwa kawaida ni sekunde 1, inakagua na kuuvunja muamala mmoja. Makufuli yaliyo ndani ya programu yako hayana wa kuyakagua. Kama unajua utaandika, omba FOR UPDATE, lile la kuandika, tangu mwanzo.

Lakini kama ningeambiwa nichague kosa moja la kupiga vita, lingekuwa la kushika kufuli la kusoma huku ukifanya kazi nyingine ndefu. Nalikuta kila mahali. Funksheni inashika RLock, inachukua nauli, inatuma ombi la malipo kwa huduma ya nje, inangoja jibu, inaandika logi ya matukio, na mwishowe defer inaachia. Mtandao ukiwa mzuri huoni kitu. Ukilegea, msomaji mmoja anakaa na kufuli sekunde kadhaa. Karani akibonyeza kitufe cha kuhifadhi nauli mpya ndani ya sekunde hizo, mwandishi anasimama, na nyuma yake wanasimama wasomaji wa njia zote, hata wa Kawangware na Kitengela ambao nauli yao haikuguswa. Watu watailaumu huduma ya malipo. Huduma ilichelewesha ombi moja tu. Kufuli ndilo lililoyachelewesha mengine yote.

Kwa hiyo ita Nauli, ipate namba, iachie kufuli, ndipo uende mtandaoni. Kijana mmoja alinibishia: je, nauli ikibadilika kati ya kusoma na kulipisha? Ibadilike. Abiria atalipa nauli iliyokuwepo alipoulizwa, na hivyo ndivyo ilivyo hata kwa pesa taslimu. Biashara ikidai usahihi zaidi, hifadhi namba ya toleo la jedwali pamoja na malipo ili mkaguzi ajue bei ilitoka wapi. Hilo ni suala la uhasibu na halitatuliwi kwa kulishikilia kufuli.

Kuna pia kusoma ambako ndani yake ni kuandika. LinkedHashMap, mapu ya Java inayokumbuka mpangilio wa vitu, ukiiunda ipange vitu kwa mpangilio wa matumizi, hubadilisha muundo wake kila unapoita get, kwa sababu kitu kilichoguswa husogezwa mwisho. Ukiilinda kwa kufuli la kusoma, thredi mbili zitaharibu viungo vyake kimyakimya. Vivyo hivyo kwa funksheni ya kusoma inayoongeza kihesabio cha matumizi, au inayokokotoa kitu mara ya kwanza na kukihifadhi kwa ajili ya baadaye. Kabla ya kushika la kusoma, ingia ndani ya kila unachokiita.

Na usirudishe jedwali lenyewe kutoka kwenye funksheni ya kusoma. Ukirudisha j.bei, umemkabidhi mwenzako data huku kufuli limeshaachiwa. Akianza kuizungukia mapu ile wakati karani anaandika, Go inaiangusha programu nzima kwa ujumbe wa "concurrent map iteration and map write", na recover, njia ya Go ya kujinusuru na kuanguka, haitakuokoa. Rudisha nakala.

Baada ya yote hayo, ushauri ambao vijana huupenda kidogo ni kwamba mara nyingi hulihitaji kufuli hili kabisa. RLock haiji bure: kila msomaji hubadilisha kihesabio kimoja cha pamoja, na viini vya prosesa vinakigombania. Kazi unayoilinda ikiwa ni fupi kama kusoma namba moja, Mutex ya kawaida, kufuli la mtu mmoja tu awe anasoma au anaandika, inaweza kwenda sawa nayo au kuishinda, tena ina mitego michache zaidi. Pima kwanza kwa mzigo unaofanana na wako halisi. Na kwa data inayosomwa mno na kubadilishwa kwa nadra, kama nauli, mimi siku hizi hutumia atomic.Pointer, iliyoingia Go 1.19: kielekezi, yaani anwani ya data, kinachobadilishwa kwa hatua moja isiyokatika. Karani akibadilisha bei, seva inatengeneza jedwali jipya kamili pembeni, kisha inahamisha kielekezi kwa mkupuo mmoja. Msomaji anachukua kielekezi na kusoma bila kumngoja mtu. Sharti ni moja tu, la zamani lisiguswe tena na yeyote. Kama waandishi ni zaidi ya mmoja, wawekee wao Mutex yao, wasomaji waache huru.

Kwa walio na mfumo ambao tayari umejaa RLock, anzeni na majaribio. Kigezo cha -race cha amri ya majaribio ya Go, go test, kinakamata data inayoguswa bila ulinzi, hakikamati mkwamo, kwa hiyo matokeo yake safi yasikupe usingizi. Andika jaribio ambalo gorutini moja inaita Lock na Unlock mfululizo bila kupumzika, huku nyingine nyingi zikiita kila funksheni ya nje uliyonayo, na uliwekee -timeout, kikomo cha muda, fupi. Ile Nauli ya juu haidumu katika jaribio kama hilo. Muda ukiisha, go test inachapisha mfuatano wa miito ya kila gorutini.

Mkwamo ukitokea hewani, usiwashe upya seva kabla ya kuchukua ushahidi. Kwa Go, itumie programu ishara ya QUIT. Itakufa, lakini itaacha mfuatano huohuo kwenye logi. Kwa Java tumia jstack, zana inayoonyesha miito ya kila thredi, ukijua kwamba haihifadhi orodha ya walioshika kufuli la kusoma, hivyo mkwamo wa aina hii haitautangaza. Utausoma kwa macho yako. Tafuta aliyesimama kwenye kufuli la kuandika. Kisha pita kwa wale wanaongoja kusoma, ambao watakuwa wengi na karibu wote wanafanana, mpaka umpate mmoja ambaye chini ya mwito wake kuna funksheni nyingine iliyoshika kufuli hilohilo.